Siku Mkuu wa Timu Alipoacha Kuniita Bwana

Adenau, Jumapili, 24 Oktoba 1976

Lothar, mwalimu mkuu wa akina mama wasiojua kuegesha,

Natumaini wewe na Wiebke hamjambo, na upepo wa huko Husum haujawaondolea paa. Sisi huku wazima, isipokuwa mkono wangu wa kushoto, ule wenye vyuma vya hospitali, ambao siku hizi unatabiri mvua kuliko redio. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi hupiga kelele na wewe hunyamaza, mwishowe tunasikilizana tukipumua kama ng'ombe wawili zizini. Dada yangu Agnes ataipitia barua hii. Ukiona neno limeandikwa sawasawa, mshukuru yeye. Mimi na shule tuliachana nikiwa na miaka kumi na minne, na hakuna upande uliolia.

Sasa kaa chini. Juzi Ijumaa ilikuwa karamu ya kufunga msimu, pale pale kwenye hoteli ya wawindaji, nyama ya paa na viazi kama kila mwaka. Na mkuu wetu wa timu ya mashindano ya magari, Daktari Brandis, mezani, amekaa wima kama aliyemeza fimbo. Unamjua. Tangu aliponichukua kiwandani mwaka 1965 hajapata kuniita kitu kingine ila "Bwana Retterath". Nilipovunjika mkono na mbavu tatu alikuja hospitali, akasimama miguuni pa kitanda: "Bwana Retterath, gari limeungua lote." Nilipomletea kikombe kutoka Sisilia: "Bwana Retterath, kona ya mwisho ulikanyaga breki mapema." Miaka kumi na moja. Hata mbwa wake ana bahati kuliko mimi, maana yeye anaitwa kwa jina.

Basi Ijumaa ananijia na glasi mbili za mvinyo wa Mosel. Ananipa moja. Anapitisha mkono wake ndani ya wangu, viwiko vimefungana, vile wafanyavyo watu wazima wanapotaka kuwa ndugu. Tukanywa. Akasema, "Tuyaache sasa hayo ya Bwana. Mimi naitwa Eberhard." Nami nikajibu, "Ewald," kana kwamba hakujua. Akaongeza maneno mengine, marefu kidogo, lakini bendi ya zimamoto ilikuwa imeanza na mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa, alikuwa sikioni kwangu. Nikaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, nakuapia.

Unaelewa maana yake, Lothar? Katika nchi yetu hii jirani anaweza kukuita Bwana hadi siku anayokurushia udongo kaburini. Mtu kama yule hampi jina lake dereva anayetaka kumtupa. Wanasema mwakani gari ni jipya na madereva wawili wataachwa. Waache waseme. Ewald Retterath yumo. Kiti changu kipo.

Kuna kichekesho pia. Wendelin Höss, mwoka mikate wa Mayen, amenunua gari la kiwanda la mwaka jana, amelichora mkate wa fundo kwenye boneti, na anataka nimwendeshee msimu mzima. Ananisubiri mpaka sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, halafu atatafuta mwingine. Fikiria: mimi, ambaye wanawake wa Le Mans walinitupia maua, nipite mbele ya watu nikiwa nimebeba andazi.

Sikufichi, nimechoka. Asubuhi nashuka ngazi kinyumenyume kwa ajili ya magoti. Nina miaka arobaini na mitatu na nalala kama mzee wa sabini. Lakini ukinitoa kwenye gari unifanye nini? Kazi nyingine siijui. Mwaka mmoja na kiwanda, miwili ikizidi, halafu nitakuja Husum unifundishe kuegesha.

Wako wa zamani na wa leo,
Ewald


Husum, 28 Oktoba 1976

Ndugu Ewald,

Barua yako imefika, Wiebke ameisoma kwa sauti jikoni na tumecheka sana kuhusu mpiga tuba. Sisi hatujambo. Nina mwanafunzi mmoja, Mama Petersen, miaka sitini na mmoja, ameligonga sanduku la posta mara mbili. Sanduku lile lile. Anasema linamfuata.

Nimefurahi kwa ajili yako. Daktari ni mtu mwema, nimelisema siku zote.

Nina swali moja tu. Yale maneno aliyoongeza wakati bendi inapiga, hukumbuki hata moja? Hata neno la mwisho? Halafu, je, kiwanda kimekupa karatasi yoyote? Glasi ya mvinyo haina sahihi.

Na kuhusu Höss, mimi ningemwambia ndiyo. Mkate ni mkate. Gari la mwaka jana si baya, mwenyewe ulilisifu. Kiwanda kikikuita baadaye, mwoka mikate ataelewa. Lakini usipomjibu kwa wakati hatakuwa na sababu ya kukuelewa.

Huku mvua haikatiki. Usafiri salama, na mkono wako uufunge kitu cha sufu.

Lothar


Adenau, Jumatatu, 1 Novemba 1976

Lothar,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliponipongeza. Nimeupata mstari mmoja, mwembamba kama supu ya hospitali.

Sasa nikuulize waziwazi, maana wewe na mimi tumepokezana usukani miaka saba, nimekaa kwenye kiti chenye joto la makalio yako na wewe la yangu, hapo hakuna kuoneana haya. Ni wivu? Kama ni wivu sema, nitakusamehe kabla sijamaliza kuandika sentensi hii. Tayari. Nimekusamehe. Najua ulimwendeshea Brandis miaka minane na ukaondoka ukiwa bado Bwana Pauly. Inauma. Lakini usinitie mchanga katika chakula changu.

Tena wewe, kati ya watu wote. Nimelisimulia jambo lako katika kila kilabu cha pombe kuanzia hapa hadi Spa kule Ubelgiji. Nasema: madereva wa kiwanda huondoka kwa njia tatu, wanafukuzwa, wanabebwa, au wanazikwa. Mmoja tu alitoka kwa miguu yake. Lothar Pauly, mwaka 1972, alisema mgongo wangu umechoka, kwaherini, akafunga mlango taratibu. Watu huvua kofia. Yule mzee wa Blankenheim alilia, ingawa yeye hulia kwa chochote baada ya glasi ya nne. Mtu wa namna hiyo ndiye leo ananiambia nikimbilie andazi?

Hapa kwenye Pete, maana hata wewe uliyehama hujasahau kwamba uwanja wetu wa mashindano tunauita Pete, ukungu umeshuka na miti ya misonobari haionekani. Nimetembea kwa miguu hadi kona ya kwanza na kurudi. Zamani nilikuwa naipita bila kupumua. Jana nilikaa kwenye ukuta kidogo.

Jumamosi nakwenda Mayen kumwambia Höss hapana. Uso kwa uso, maana mtu muungwana hakatai kwa barua.

Msalimie Wiebke. Mwambie mimi sina kinyongo, ni njaa tu, Agnes amechelewesha chakula.

Ewald


Husum, 3 Novemba 1976

Ewald,

Usiende Mayen. Ukiwa umekwisha kwenda, rudi tena umwambie umebadili mawazo.

Eberhard. Ninalijua hilo jina. Alinipa mimi pia, Oktoba 1972, kwenye korido ya makoti, hoteli ile ile. Glasi mbili, viwiko, kila kitu. Kwangu hakukuwa na bendi, kwa hiyo yale maneno mengine niliyasikia vizuri.

Alisema zamani, kabla yetu, alikuwa na dereva aliyekuwa rafiki yake kweli. Wanaitana majina, wanakula pamoja Jumapili, watoto wa yule dereva wanamwita baba mdogo. Kisha siku moja saa moja asubuhi ikabidi yeye ndiye agonge mlango wa nyumba ile amwambie mke wa dereva kwamba mumewe amekufa. Watoto walimkimbilia wakijua kaleta peremende. Tangu hapo akaapa: mtu ninayemweka ndani ya gari ni Bwana, mpaka mwisho. Halafu akaniambia, "Lothar, sasa naweza kukuita Lothar, kwa sababu sitakuzika mimi."

Nilifikiri ni mvinyo. Barua ya kiwanda ilikuja wiki sita baadaye, mistari minne.

Kwa hiyo umeelewa. Mgongo wangu hauna kitu, Ewald. Unaweza kunitwika gunia la viazi hadi Denmark. Nilifukuzwa kama wengine wote. Ile siku ulipokuja nyumbani ulinikuta nimeinama natafuta funguo chini ya kabati, ukauliza, "Mgongo?" nami nikasema ndiyo, mgongo. Kabla sijainuka ulikuwa umeshamaliza hadithi nzima, jinsi nilivyoondoka kiume. Ulinivisha koti, nikajitazama kwenye kioo nikaona limenikaa vizuri. Nikalivaa miaka minne. Kila mara uliponiandikia kwamba watu wamevua kofia, nilitamani kukuambia, na kila mara nilingoja barua inayofuata.

Hayo ya wivu, labda yapo. Sikatai. Lakini siyo niliyokuwa nakuandikia.

Nenda kwa Höss.

Lothar

Ijumaa, 5 Novemba. Barua hii imekaa mfukoni siku mbili. Nilipita posta mara nne na kila mara niliona foleni, hata pale ambapo haikuwapo. Naipeleka sasa kama barua ya haraka. Nimechelewa, najua.


Adenau, Jumanne, 9 Novemba 1976

Ndugu Lothar,

Ni mimi Agnes, dada yake. Barua yako ya haraka ililetwa jana Jumatatu saa tatu asubuhi. Ewald alikwenda Mayen Jumamosi akamkatalia mwoka mikate, mbele ya wafanyakazi wake, na nasikia kwa mzaha mwingi.

Aliisoma barua akiwa amesimama. Nikamuuliza, "Lothar anasemaje?" Akasema, "Anasema hajambo mgongo." Akaenda kupasua kuni mpaka saa sita, na mkono ule si wa kupasua kuni. Leo alfajiri ameondoka na gari kuelekea kusini, kiwandani. Amevaa suti ya harusi yake, inayombana.

Sijui ulichoandika na sitauliza. Nakuomba tu usimwandikie kwanza. Mwache awe na hasira nawe kidogo. Akikosa wa kumkasirikia atajikasirikia mwenyewe, na hapo mimi sina dawa.

Agnes Retterath


Adenau, Jumapili, 28 Novemba 1976

Lothar,

Kwanza, hasira. Nilikuwa nayo siku tisa, nimeitumia vizuri, imekwisha. Nilikuita majina ambayo Agnes hangejua kuyaandika. Kilichoniuma si uongo wako, mimi mwenyewe nimedanganya wanawake, polisi na kodi. Kilichoniuma ni kwamba ulikaa na jambo lile peke yako miaka minne, na mimi huku nalipigia tarumbeta.

Nilikwenda kiwandani. Nilijiambia: huenda kwako ilikuwa hivyo, kwangu ni vingine. Mlinzi wa getini alinifungulia kwa saluti, nikaona ishara njema. Kwenye gereji kuna gari jipya limewekwa juu ya vihimili, jeupe, bado lina harufu ya rangi. Na Daktari amesimama na dereva mpya, kijana wa Munich, wanatazama kiti. Nikawasikia kabla hawajaniona.

"Bwana Lechner, magoti yako yanagusa usukani?"

"Kidogo, Daktari."

"Kidogo ni kugusa, Bwana Lechner. Tutakisogeza."

Pale pale nilijua. Nilisimama na suti yangu inayonibana, nikawaza, ningetoa meno yangu ya mbele kusikia mtu yule akinikaripia hivyo. Nikamwita. "Eberhard." Akageuka, uso ukamlainika, nami nikaona kwamba amefurahi kweli kuniona, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ewald," akasema. "Nilidhani ulinisikia usiku ule."

Nikamwambia ni yule mpiga tuba.

Akanipeleka ofisini, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nikamuuliza wamekuwa wangapi, hao aliowapa jina. Akasema kumi na tatu, mimi ni wa kumi na nne. "Na wote wanapumua," akasema, kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Nikataka kumtukana, Lothar. Ungemtukanaje mtu aliyekuhesabu kati ya walio hai? Nikanywa kahawa yake. Ilikuwa mbaya. Tumeagana kama marafiki na nadhani ni kweli ni marafiki, na sijui nitafanya nini na urafiki huo.

Siku ya Mtakatifu Martin, asubuhi, nikaenda Mayen. Duka la Höss limejaa akina mama wanaonunua mikate ya sikukuu. Nikapanga foleni kama mteja. Zamu yangu ilipofika akapangusa unga mikononi.

"Jumamosi ulisema hubebi andazi."

"Jumamosi nilikuwa nimeshiba, Wendelin."

"Na leo?"

"Leo nakula chochote."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mpe bwana huyu mkate wake, tunaganda hapa." Duka zima likacheka, na mimi nikacheka nao, sikuwa na la kufanya. Höss akasema nafasi ya kwanza amekwisha kumpa daktari wa meno wa Koblenz, mtu tajiri anayependa kasi. Imebaki ya pili. Mimi, dereva wa pili, nyuma ya mng'oa meno. Nikasema sawa. Tukapeana mikono juu ya kaunta, unga ukanijaa hadi kwenye suti, na alinifungia mikate miwili bure.

Jumatano iliyopita tulikwenda kujaribu gari kwenye Pete. Baridi kali, lakini barabara kavu. Yule daktari wa meno akaanza. Mtu mnene, anavaa miwani, anaomba radhi kila anapokugusa. Alikwenda mizunguko mitatu. Kisha nikaingia mimi, mizunguko mitatu.

Nilikuwa nyuma yake kwa sekunde nne.

Nikamwambia Höss ni matairi. Ameamini, yeye ni mwoka mikate. Fundi aligusa tairi kwa kiganja, akaondoa mkono, na yule wa meno, mtu mwema, akasema hata yeye alihisi matairi hayajashika.

Wewe nakuambia: hayakuwa matairi. Pale kwenye Shimo la Mbweha, ambapo barabara inaanguka na huoni chini, pale tulipokuwa tunapita mguu ukiwa sakafuni, mguu wangu wa kulia uliinuka. Mimi sikuuamuru. Mzunguko wa pili nikauambia, safari hii tulia, ukainuka tena. Mzunguko wa tatu sikuuambia chochote.

Nimemwahidi Höss msimu mzima na nitauendesha, maana nimeshamwambia hapana, kisha ndiyo, na watu wa Mayen wananicheka vya kutosha. Lakini sasa kuna mtu mmoja anayejua, maana barua hii Agnes haipitii. Usijibu hili. Niandikie mambo ya Mama Petersen.

Ewald


Husum, 1 Desemba 1976

Ewald,

Mama Petersen alifaulu mtihani jana. Alikumbatia sanduku la posta.

Mguu wangu ulianza kuinuka mwaka 1970, Shimo la Mbweha, pale pale. Miaka miwili tulishika nafasi nzuri kwa sababu wewe uliongeza kasi kwenye zamu zako kufidia zangu, ukidhani mimi nilikutana na mvua upande wa mbali wa Pete. Sikuwahi kupata mvua, Ewald. Nilikuwa natazama juu nikiomba inyeshe.

Wiebke anasema njoo kabla ya Krismasi. Chumba cha ghorofani kina joto, na ngazi zina mahali pa kushika pande zote mbili.

Lothar